Maji ya Kisima, Kulanti ya Pinki au Ile Isiyo na Maji: Gari ya Kila Siku Itiwe Nini?

Shemeji yangu anayeishi Uingereza alijitumia mizigo kwa meli mwaka huu, na ndani yake mlikuwamo dumu la lita 5 la kulanti, kile kimiminika cha rejeta cha kupozea injini, isiyo na maji hata tone. "Hii ukishaitia," akaniambia tulipokuwa tukifungua makasha nyumbani Fuoni, "rejeta huigusi tena." Alitaka niitie kwenye Vitz ya dada yangu, gari inayotoka Fuoni asubuhi kwenda Malindi na kurudi jioni. Nilimwomba anipe wiki moja. Nimeshawahi kuunguza gasketi ya hedi ya Noah yangu (kizibo cha baina ya bloku ya injini na hedi, sehemu yake ya juu), na tangu siku ile kitu kinachozunguka ndani ya injini nakichukulia kwa uzito wake.

Jawabu langu nalitoa mapema ili asiye na muda asisome mpaka mwisho. Kwa gari ya kawaida inayozunguka Unguja au Pemba, kulanti isiyo na maji hailipi bei yake. Maji matupu ya kisima au ya bomba ndiyo ghali kuliko yote, ila bei yake huilipi dukani, unailipa gereji. Ya kuchagua ni kulanti ya kawaida inayokubaliana na injini yako, iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Na hata hiyo itakuwa kazi bure kama kifuniko cha rejeta kimechoka.

Anza na birika la nyumbani

Chukua birika mnalochemshia maji ya chai, limulike ndani kwa tochi ya simu. Kama unakaa maweni, Makunduchi au Jambiani, au upande wa Micheweni kule Pemba, utaona ukoko mweupe umeganda chini na kupanda kwenye kuta. Ukwangue kwa ncha ya kisu: unabanduka vipande vigumu kama ganda la yai. Hiyo ni chokaa. Sehemu kubwa ya visiwa vyetu imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Mvua ikipenya mle huliyeyusha jiwe kidogo kidogo, na kilichoyeyuka huja nacho kisimani. Ndiyo maana kwenye visima vingine unafua mpaka unachoka na sabuni haitoi povu.

Chokaa haifanyi kama sukari. Sukari hukolea zaidi maji yakiwa ya moto, lakini chokaa maji yakipata moto hujitenga nayo na kuganda, tena huganda pale penye moto mkali zaidi. Ndani ya injini, penye moto mkali zaidi ni kwenye hedi na kuzunguka silinda, mahali hasa ambapo maji yanatakiwa yachukue joto. Alumini hupitisha joto mara makumi kuliko ukoko ule. Tabaka jembamba tu likishashika, maji yanapita nje ya blanketi, na chuma kilicho ndani kinazidi kupata moto bila wewe kujua.

Halafu kuna chumvi ya bahari yenyewe. Visima vya karibu na pwani huingiwa na maji ya bahari, khasa vikivutwa kwa pampu kupita kiasi. Chumvi hii inaila alumini kwa kuitoboa vitundu vidogo kama vya sindano. Injini ya Toyota ya 1NZ iliyomo kwenye IST nyingi na baadhi ya Vitz ina bloku ya alumini na hedi ya alumini, na rejeta yake pia ni alumini yenye matangi ya plastiki. Injini za zamani za chuma cha kalibu zilivumilia maji ya kisima kwa miaka. Mazoea ya wazee wetu ya kutia maji yoyote yaliyopo yalitokana na injini zile, na kwa gari zao walikuwa hawajakosea sana.

Noah yangu ilichemsha njia ya Nungwi, nimeshapita Kinyasini, abiria sita ndani na AC inafanya kazi. Miaka miwili nilikuwa nikiongeza maji ya dumu lililokaa nyuma ya kiti, maji ya kisima cha nyumbani. Fundi alipoifungua rejeta juu, vimirija vya katikati vilikuwa vimejaa uji mkavu wa rangi ya kutu na chokaa. Tulimimina maji upande mmoja, upande wa pili yakatoka matone. Pampu ya maji ilikuwa imelika makali ya pangaboi lake. Hedi ilipelekwa kuchongwa, gasketi mpya, rejeta nyingine, na gari ikalala wiki mbili msimu wa wageni. Kulanti nzuri ya miaka ile yote isingefika hata robo ya gharama hiyo.

Maji nayo si mamoja

Kwa dharura njiani, tia maji yoyote safi uliyoyapata, kwa sababu injini kavu hufa kwa dakika chache. Lakini ukiwa na nafasi ya kuchagua, maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima, kwa kuwa hayajapita kwenye jiwe. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kinga ya baadaye, chuja kwa kitambaa. Nyumba ikiwa karibu na ufukwe kumbuka kwamba upepo wa bahari huacha chumvi kwenye mabati. Yale yanayodondoka kwenye mpira wa AC ya nyumbani nayo hayana chokaa, ila hubeba vumbi na masizi ya mashine. Nayatumia kusuuzia tu.

Yaliyo sahihi ni yale yaliyochemshwa yakawa mvuke kisha yakakusanywa, yanayouzwa kama maji ya betri. Hapa kuwa mwangalifu kweli kweli: dukani jina hilo hilo la maji ya betri baadhi ya watu hulitumia kwa asidi, yale maji makali. Soma chupa, muulize muuzaji, na kama hakuna maandishi usinunue. Asidi ndani ya rejeta ya alumini ni msiba.

Hata hivyo maji safi peke yake hayatoshi. Hayana dawa ya kuzuia kutu, na ndani ya injini moja kuna alumini, chuma, mpira na pengine risasi ya kuunganishia, vyote vimezungukwa na maji ya moto. Ndipo kulanti inapoingia.

Kulanti ya kawaida: rangi inadanganya, maandishi hayadanganyi

Mara nyingi nasikia watu wakisema kulanti ni ya nchi za theluji. Ni kweli ethilini glikoli iliyomo ndani yake iliingia kwenye magari kwa ajili ya baridi: ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, mchanganyiko hauwi barafu mpaka kwenye digrii 37 chini ya sifuri. Sisi usiku wa Julai tukijifunika shuka mbili tunaona baridi imezidi. Kwa hiyo faida hiyo kwetu haipo. Lakini pamoja na glikoli huja dawa za kulinda metali, na hizo tunazihitaji kuliko watu wa bara kavu, kwa sababu ya maji yetu. Kwenye Japani yenyewe Toyota huelekeza kulanti yake nyekundu ya kuchanganya itiwe asilimia 30 sehemu zenye joto na asilimia 50 sehemu za baridi. Chini ya 30 dawa inakuwa nyepesi mno. Hapa kwetu aliyetia kati ya 30 na 50 hajakosea.

Sasa rangi. Kijani, nyekundu, pinki, buluu: hakuna sheria ya dunia inayosema rangi fulani ni dawa fulani. Ni wino tu aliouchagua mwenye kiwanda. Kinachotofautisha ni dawa. Ile ya kijani ya mtindo wa zamani ina dawa zinazokwisha haraka, na kwa kawaida hubadilishwa baada ya miaka 2 hivi. Ile ya kisasa yenye asidi za oganiki (si ile asidi kali ya betri) hudumu zaidi sana. Kulanti ya pinki ya Toyota, Super Long Life Coolant, huja imeshachanganywa nusu kwa nusu, na mwenye kiwanda anasema ibadilishwe mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000.

Kuna jambo moja hapa ambalo sikulijua mpaka nilipokaa chini kulichunguza, na ndilo lililonifanya niandike haya. Wajapani hutumia fosfeti pamoja na zile asidi za oganiki, wala hawatii silikati; zote hizo ni dawa za kulinda metali. Watu wa Ulaya kwa muda mrefu waliikwepa fosfeti, kwa sababu maji ya sehemu nyingi za kwao ni magumu, na fosfeti ikikutana na chokaa huganda. Maji ya Japani ni laini, basi wao hawakuwa na haja ya kuogopa. Gari zetu karibu zote zinatoka Japani na maji yetu yanatoka kwenye matumbawe. Mtu akinunua kulanti nzuri kabisa ya Kijapani, ile nzito ya kuchanganya mwenyewe, akaipunguza kwa maji ya kisima cha Bwejuu, ameondoa nusu ya faida yake siku ile ile aliyoitia, na matope anayatengeneza mwenyewe.

Kwa hiyo baina ya dumu la kuchanganya na dumu lililochanganywa tayari, mimi nanunua lililochanganywa tayari. Ndiyo, unalipia maji nusu. Lakini ni maji safi, na hakuna mtu wa gereji atakayekimbilia mpira wa bomba wewe ukiwa umekwenda kusali. Gari ndogo kama Vitz au IST inachukua kiasi cha lita 4 mpaka 6 mfumo mzima. Noah huchukua zaidi, khasa ikiwa na mabomba ya hita ya nyuma. Hesabu lita zako, nunua na lita moja ya akiba, iweke ndani ya gari badala ya lile dumu la kisima.

Angalia pia usiuziwe maji ya rangi. Kulanti ya kweli ina maandishi yanayotaja ethilini glikoli na kiwango chake, kama JIS K 2234 cha Japani au ASTM D3306 cha Marekani. Chupa ya kijani yenye picha ya gari la mashindano na neno kulanti tu, bila kiwango wala mchanganyiko, mimi naiacha rafuni. Na usichanganye kijani kilichomo na pinki uliyonunua kwa kuwa zote ni kulanti. Dawa zao zinaharibiana, umri unapungua, na zikigombana sana hufanya utelezi mzito. Kama hujui kilichomo, kimwage chote, suuza, anza upya.

Ile isiyo na maji

Nimtendee haki shemeji, kwa sababu dumu lake halikuwa uongo. Kulanti za namna hii, na Evans ndilo jina linalojulikana zaidi, ni glikoli na dawa zake bila maji. Huchemka kwenye digrii zaidi ya 180. Hakuna maji, hakuna mvuke, basi mipira na rejeta havibebi msukumo mkubwa. Hakuna maji, kwa hiyo kutu na ukoko havina pa kuanzia. Mtu mwenye gari ya kale anayoitoa siku za Idi na harusi tu, gari inayokaa miezi kumi bila kuwashwa, huyo ningemwambia afikirie.

Lakini kuchemka kwa maji na kuungua kwa injini ni mambo mawili. Kilo moja ya maji ikipanda digrii moja hubeba kilojuli 4.2 za joto, na glikoli tupu hubeba kama 2.4. Ni nzito zaidi, inapita pole pole zaidi kwenye vimirija. Injini ile ile, mzigo ule ule, chuma cha hedi kinakuwa na moto zaidi kuliko kikiwa na mchanganyiko wa kawaida. Na mvuke unaoruka chini ya boneti, hata ukutie khofu, ni taarifa: simama. Ukiwa na kitu kisichochemka mpaka 180, feni ikifa au pampu ikilegea, hutauona mvuke. Hedi ya alumini inaweza kupinda huku kulanti imetulia kimya. Utabaki na geji peke yake, na Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya buluu ya baridi na taa nyekundu ya hatari tu.

Kuitia nako kuna masharti. Maji yatakayobaki ndani yasizidi asilimia 3, kwa hiyo lazima umwage yote, upulize mabomba, upitishe dawa ya kunyonya maji, ndipo utie. Kwenye Noah yenye hita ya nyuma maji yanajificha kwenye mabomba marefu chini ya sakafu, na kuyatoa yote ni kazi ya mtu mwenye vifaa.

Tuseme umefanya yote hayo kwa uangalifu. Mpira wa rejeta unapasuka usiku baina ya Chake na Wete, una familia garini. Anatokea kijana mwema na dumu la maji, kama ambavyo siku zote hutokea. Utayatia, hutakuwa na la kufanya. Na dakika ile ile kulanti yako ghali imekuwa mchanganyiko usiojulikana wa glikoli na maji ya kisima. Pemba ina vilima, na kirikuu iliyojaa magunia ya karafuu ikipandisha kutoka Mkoani haihitaji kitu adimu ndani yake, inahitaji kitu kinachoweza kuongezwa Mkoani. Hili kwangu ndilo lililokata shauri, kabla hata ya bei, nayo bei yake ni mara kadhaa ya kulanti nzuri ya kawaida.

Kuhusu vile vichupa vya kuongezea, mfano WaterWetter ya Red Line, ni vya wenye mashindano. Huko viwanja vingi vinakataza glikoli kwa sababu ikimwagika inafanya barabara kuteleza, basi wanatia maji na dawa hiyo. Ukishakuwa na kulanti ya kawaida, faida inayobaki ni ndogo. Sivinunui.

Kifuniko, kisha mengine

Maji matupu katika hewa ya wazi huchemka digrii 100. Kifuniko kizima cha rejeta chenye alama ya 1.1, yaani kipimo cha msukumo kinachouzuia, kikibana, maji hayo hayo hayachemki mpaka kama 122. Kulanti ya nusu kwa nusu peke yake huchemka kama 107, na kifuniko hicho huipeleka karibu na 130. Zipime namba hizo kwa utulivu. Kulanti imekuongezea digrii 7 au 8. Kifuniko kimekuongezea zaidi ya 20. Mtu anasumbuka kutafuta dumu la ajabu kutoka ng'ambo, na mpira wa kifuniko chake umekauka na kupasuka, springi imelegea, kila siku anaongeza maji na hajui yanakwenda wapi.

Injini ikiwa baridi kabisa, kifungue kifuniko, kipindue, utazame mpira. Soma namba iliyogongwa juu, 0.9 au 1.1, ununue chenye namba ile ile, kwa sababu chenye namba kubwa zaidi kinaweza kupasua mipira ya zamani. Injini ikiwa ya moto usikiguse. Nimemwona kijana ameungua kutoka kiganjani mpaka kiwikoni kwa haraka ya dakika moja.

Na thamostati, ule mlango mdogo unaofungulia kulanti njia ya rejeta injini ikipata moto, irudishwe mahali pake. Najua mafundi wengi huitoa wakisema nchi yetu ya joto. Ile ya Toyota nyingi hufunguka kwenye digrii 82 hivi. Bila hiyo injini hukawia kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na ugonjwa wa rejeta unafichika mpaka siku ya mzigo.

Kwa hiyo nani atie nini

Gari imeshuka bandarini sasa hivi kutoka Japani na ndani bado ina pinki safi inayoonekana kwenye kichupa cha akiba cha rejeta: usiimwage. Ongeza ile ile, basi. Gari imenunuliwa mkononi na kichupa kina maji ya rangi ya chai: mwaga, suuza kwa maji ya betri au ya mvua mpaka yatoke meupe, tia pinki iliyochanganywa tayari, badilisha kifuniko. Kirikuu au daladala inayovuja na haina fedha ya matengenezo wiki hii: usimwage kulanti ghali barabarani, tia maji ya mvua na ya kijani yenye kiwango kwa asilimia 30, na ukipata nafasi ziba uvujaji kwanza. Injini kubwa ya dizeli ya lori ina masharti yake mengine, fuata kitabu chake.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mara mbili kuhusu ile fosfeti. Jumamosi tuliimwaga Vitz. Maji yalitoka na rangi ya ukwaju, tukasuuza mara tatu, tukatia pinki, tukaiwasha na kifuniko wazi mpaka mapovu yakaisha na thamostati ikafunguka, tukafunga kifuniko kipya. Dumu lake la lita 5 lipo juu kabisa ya kabati ya stoo, limefungwa kwa tepu, likimngoja jirani mwenye gari ya kale akiamua.

Yale tuliyoyamwaga tuliyakinga kwenye beseni, tukayatia kwenye dumu lenye maandishi makubwa, tukaiweka mbali na watoto. Glikoli ni tamu, na ni sumu. Kidogo tu kinachotuama kwenye sakafu ya ua humuua paka, na mitaa yetu imejaa paka, na mbuzi, na watoto wanaotambaa. Usiitie kwenye chupa ya soda hata kwa dakika moja, wala usiimwage karibu na kisima.